Dada Yetu na Kikohozi Kilichomwokoa Mwongoza Ndege

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na nimeonywa nisome polepole. Nitajitahidi, ila kwa maisha ya dada huyu sitoi ahadi.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya sita. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akasomea ufundi wa redio, msichana pekee darasani. Mwaka 1983 aliajiriwa katika ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege. Huko walimbandika jina la Sikia Tena, maana hakuna kanda aliyoisikiliza mara moja tu. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala mwenye subira ya ajabu.

Tarehe 9 Juni 2009, helikopta ya jeshi iligongana angani na ndege ya abiria. Watu hamsini na wanane walifariki. Kinasa sauti cha helikopta kiliungua. Saa ya mgongano ilichukuliwa kwenye kinasa sauti cha ndege ya abiria, na kwa saa ya mnara wa kuongozea ndege, mwongoza ndege, binti wa miaka ishirini na tisa, alimwonya rubani wa helikopta sekunde nne baada yake. Ripoti ya kwanza ikamtupia lawama zote, na mashtaka yakaandaliwa.

Dada roho haikutulia! Alizisikiliza upya kanda ya mnarani na ya ndege ya abiria, siku kumi na moja. Jumapili mchana alipiga kelele hadi shemeji akaangusha randa.

"Amekohoa!"

"Nani tena?"

"Yule binti! Amekohoa akiongea na ndege ya abiria. Kikohozi kimoja, kanda mbili, saa tofauti! Saa ya mnarani imetangulia sekunde tisa. Alionya sekunde tano kabla, baba watoto, alionya!"

"Sasa mbona unalia?"

"Ile ripoti nilisaini na mimi."

Kesho yake aliifuta sahihi yake mbele ya bosi na maofisa wa jeshi. Walimfokea, hakutikisika. Binti akafutiwa mashtaka. Sisi nyumbani tulicheza!

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 17 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na sisi ndugu zake watano. Binti yule hayupo hapa. Tangu siku ile alimwita dada mama, na jana alinipigia akilia: "Mjomba, nisamehe, nimekosa wa kunishikia zamu." Nikamwambia abaki hukohuko. Saa hii tunapomzika dada, yeye yuko mnarani, anashusha ndege.

Dada yetu, lala kwa amani.