Rubani wa Nyasi Atua Baada ya Miaka Thelathini na Mmoja

Basi nilikuwa nimefika pale pa ufunguo, karani akanikatisha, akasema hadithi za barazani zimetosha, niziandike kwenye karatasi ya sherehe. Haya, mpishi nimeshika kalamu, naandika. Ufunguo wa mashine ya kukatia nyasi, ile ya kupanda ukakaa kama bwana harusi, aliutundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Alioga nao, alilala nao, na binti yake alipoolewa akaingia nao ukumbini, unaning'inia juu ya tai.

Huyo ndiye tunayemuaga leo, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi hapa chuoni. Kumi na miwili ya kwanza alifyeka kwa mkono, mtu kama watu, anasalimia. Mashine ilipokuja, wakampeleka mafunzo ya siku tatu. Akarudi na cheti, miwani ya jua na mwendo mpya. Tangu hapo akawa hakati nyasi, anaruka. Ndiyo tukamwita Rubani, na yeye maskini akadhani tunamsifu.

Kazi aliijua, tusimnyime. Kila asubuhi alipima oili kwa kile kijiti chake, akakipangusa, akakitumbukiza tena, akakitazama kama nesi anayesoma homa. Jioni alikwangua nyasi zilizogandamana chini kwenye visu, maana zikiachwa zinaoza na kula bati. Visu alinoa mwenyewe, kisha anakitundika kisu kwenye msumari aone upande upi unalala, kwa sababu kisu kisicho sawa kinaitikisa mashine mpaka meno ya dereva yanagongana. Uwanja wetu ulikuwa zulia. Wageni walikuwa wanaona aibu kuukanyaga.

Ila maringo, jamani! Mashine ikikohoa, Rubani alifunua boneti, akafumba macho, akatega sikio, halafu anatutangazia kwamba imekasirika. Kukasirika gani? Petroli imelala mwezi mzima kwenye tangi, inanuka rangi ya mlango. Anaimwaga, anatia mpya, inawaka, na sisi tunapiga makofi.

Uongo mkubwa ulikuwa mmoja. Rubani alituambia mashine inayajua makalio yake, na haitawaka kwa makalio mengine. Msicheke, tuliamini! Makamu wa mkuu alijaribu, kimya. Mlinzi wa geti, mwenye makalio ya heshima kabisa, akajaribu, kimya, hata kukohoa haikukohoa. Halafu Rubani anapanda, anajinyoosha shati, anageuza ufunguo, mashine inanguruma. Na ukisogea kuangalia anavyofanya, anakufukuza hatua kumi nyuma, eti mawe yanaruka.

Mwaka mmoja akaenda likizo mwezi mzima. Nyasi zikafika magotini, nyoka akaingia bweni la wasichana, watoto wa watu wakalala juu ya meza za maktaba siku tatu. Rubani aliporudi akatuambia, "Si mnaona? Bila mimi hamjiwezi." Tukamshukuru, wajinga sisi, kwa kutuokoa na nyoka aliyemfugia nyasi mwenyewe.

Sasa, miezi miwili iliyopita, Rubani akapasuliwa ngiri. Manesi wakamvua ufunguo, mkewe akauleta ofisini. Wakati huohuo chumba cha kufulia kinafungwa, nguo zinapelekwa nje. Dada wa dobi, ambaye amepiga pasi mashuka ya chuo hiki miaka tisa, akaambiwa atarithi mashine ya Rubani. Lakini mkuu wa chuo akaweka sharti: kama haijawaka chini ya mtu mwingine kabla ya leo, inauzwa mnadani, kampuni ya nje inakuja kukata nyasi, na Dada wa dobi anakwenda nyumbani. Ana watoto watatu na mama mgonjwa. Hakulia. Alipandisha mikono ya blauzi.

Alianza na betri. Ile misumari ya betri imeota unga mweupe kama ukoko, nikampa maji ya moto na magadi kutoka jikoni, akaisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa. Akamwaga petroli ya zamani. Akalitoa chujio la hewa, akalikung'uta ukutani, likatoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akafungua plagi, nyeusi kama chungu, akaipiga brashi ya waya. Akapanda, akakanyaga breki, akageuza ufunguo. Kimya. Siku nne hivyo. Siku ya tano nikamwona amekaa juu ya mashine mikono mapajani, ananiuliza, "Dada yangu, kweli inaweza kujua makalio ya mtu?"

Nikamwambia vaa viatu, twende kwa mwenyewe.

Tulimkuta Rubani kitandani kwake, nyumba ya pili kutoka uzio wa chuo, mito mitatu mgongoni. Dada wa dobi akapiga goti kabisa, akasema, "Shikamoo baba. Nimesafisha kila kitu. Nimebakiza nini?"

Rubani akatazama dari. "Mashine ile ni ya subira, mwanangu. Nikipona nitakuja kuzungumza nayo."

"Utapona lini, baba?"

"Daktari kasema wiki sita."

Wiki sita! Sharti la mkuu lilikuwa limebakiza tano, na Rubani analijua. Nikafungua mdomo nimpe yake, lakini mkewe, ambaye tunaitana wifi, akaniwahi. Alikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo huyo mke.

"Wewe baba watoto," akasema, "si uliniambia mwenyewe, ukacheka mpaka ukapaliwa? Eti kabla ya kushuka unaupandisha ule mpini wa visu juu, na mpini ukiwa juu haiwaki hata akipanda nani? Waambie!"

Rubani akavuta shuka mpaka puani.

Miaka kumi na tisa! Tumeuona mpini ule umesimama juu, tukadhani ndiyo kawaida yake, kumbe juu maana yake visu vimeunganishwa, na mashine imetengenezwa isiwake visu vikiwa vimeunganishwa ili isimkate mtu miguu. Ndiyo makalio yenyewe hayo. Nyoka bwenini, watoto mezani, kwa ajili ya mpini unaoshuka kwa kidole.

Dada wa dobi hakungoja chai. Alikimbia. Tukiwa bado tunamsema mgonjwa, yeye kavuta shuka, mimi na wifi tumesimama huku na huku, tukasikia kule uwanjani ngurumo. Wifi akapiga kigelegele na beseni mkononi. Rubani akageukia ukuta.

Nilidhani basi, atanuna mpaka siku ya mwisho. Lakini siku ya tatu nikamwona kwenye uzio, kashika tumbo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, anapiga kelele, "Mkanda unateleza! Husikii unavyolia? Ukaze!" Kesho yake akaletewa kiti. Keshokutwa yake akawa haondoki. Alimfundisha kupima mkanda kwa kidole gumba, kunoa visu, kutafuta panya anayetafuna nyaya. Yote aliyoyaficha miaka kumi na tisa aliyamwaga kwa wiki nne, tena kwa kelele, Dada wa dobi hawezi hata kupenga kamasi bila kurekebishwa. Nilimwambia wifi: huyu alivyobana na anavyomwaga, heri angekojoa kidogokidogo.

Jana mchana mkuu akaja na daftari lake kushuhudia. Wafanyakazi wote tumejipanga kivulini. Dada wa dobi akawasha, akakata mstari wa kwanza, wa pili, safi kama mkeka. Wa tatu akapita penye kichuguu, akaruka kidogo kitini, mashine ikazima katikati ya uwanja. Tii! Mkuu akafungua kalamu.

Nikamtazama Rubani. Mdomo ulishafunguka. Fimbo ilishainuka. Kwa kelele zake za wiki nne kila mtu sasa anajua kile kiti kina swichi chini yake, dereva akiinuka injini inazima, na kila mtu alijua Rubani ana hamu ya kulisema hilo mbele ya mkuu kuliko hamu ya kula. Ndugu zangu, akaufunga mdomo. Akaishusha fimbo, akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekatazwa sukari, jasho linamtoka. Dada wa dobi akakaa vizuri, akashusha mpini, akakanyaga breki, akageuza ufunguo. Ikawaka. Mkuu akaandika neno moja, akafunga daftari. Jumatatu Dada wa dobi anaanza kazi.

Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya Rubani hapa, na aliifanya amekaa, hana ufunguo, hasemi.

Rubani, ahsante kwa zulia. Kwa nyoka, Mungu akusamehe, wasichana bado. Nenda kapumzike, kidonda kipone, wifi yangu akupikie vizuri hata kama hustahili. Na ukipita huku ukaisikia inakohoa, tafadhali baba, usije ukaanza kufumba ma... Abee! Nani kamwaga? Sufuria lote? Nakuja!