Papa Lotika, Ule Aliinua Mukono

Papa Lotika Losala (jina ya ubatizo Célestin, sasa serikali haiitake tena, lakini Mungu anaijua) alizaliwa Yanonge, tarehe 3 mei 1931. Alisoma kwa bamission kule kule, kisha akatoka infirmier Stanleyville mu 1953. Alioa Mama Marthe mu 1956. Julie akazaliwa, na Alexis.

Miaka makumi mbili alitunza bagonjwa Yahuma, mbali mu pori. Ndiyo maana alikuja kukaa Lubunga, upande huu wa mto, akiwa hajui desturi ya mikutano ya parti, chama ya serikali. Siku ya 12 novemba 1985, citoyen mukubwa moja wa parti, wa ng'ambo ya mto, aliuliza: « Kuko mwenye iko na neno? » Kila mutu hapa anajua: pale ni kupiga makofi. Papa akainua mukono.

« Citoyen, diamant, almasi, inatoka huku kwetu. Hatukatai igawanywe, hata mutoto wa Boma, kule mbali, apone nayo. Lakini Yahuma bamama banazala na lampe ya mafuta, dispensaire haina quinine. Fungu ya Yahuma inapitiaka wapi? »

Mukubwa akacheka kidogo. « Jina yako, papa? »

Papa, mutu wa heshima, akasema jina. Akaongeza na avenue ya nyumba yake.

Toka ile siku, bac, kivuko ya mto, ikipiga sirène kutoka ng'ambo, Papa alivalaka viatu. Batu ba mukubwa bakikuja kumukamata, hawatamukuta miguu chini.

Mama Marthe alimuambia: « Papa Julie, ile ni camion ya mihogo inavuka. »

« Vala na wewe. »

Sisi wote mu avenue tulimuchekaka. Kisha bac ikilia, na sisi tulinyamaza.

Hawakukuja. Tension, presha ya damu, ndiyo ilikuja. Dawa ilikuwa ng'ambo, mu hôpital; Lubunga hakuna. Tulimubembeleza avuke. Alisema hatapanda ile bac kwa miguu yake mwenyewe. Alikufa tarehe 14 februari 1987, saa kumi, viatu chini ya kitanda.

Ameacha Mama Marthe, Julie, Alexis na bajukuu saba. Alexis aliomba ile swali ya Papa isiandikwe hapa, juu ya batoto, basipate taabu. Mama Marthe alisema iandikwe yote, na avenue. Kisha akamuvalisha Papa viatu, akafunga kamba yeye mwenyewe.

Kama kuko bageni ba ng'ambo bamesimama kule nyuma, karibuni, viti iko.

Papa, ulale sasa. Bac ilie tu. Umekwisha kuvala.