Pigo la Chuma Hufika Kwanza

Ijumaa, tarehe 28 Juni

Kwa shemeji yangu, Sikio

Leo anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutafuta mabomba yanayovuja chini ya barabara za mji huu. Ofisini kila mtu humwita Sikio, hata mkurugenzi. Mimi ninayepokea simu za malalamiko pale mapokezi humwita shemeji, kwa kuwa alikuwa mwenza wa kazi wa marehemu mume wangu tangu wote wawili wakiwa vijana wembamba.

Alianza kwa kuchimba mitaro. Baadaye akapewa fimbo ya kusikilizia, ile ya mbao yenye ncha ya chuma: ncha unaigusisha kwenye bomba, upande wa pili unauweka sikioni. Mashine zilipokuja alizipokea bila kinyongo. Unabandika kinasa sauti kimoja kwenye koki ya huku na kingine kwenye koki ya kule. Mlio wa maji yanayovuja ukifika huku kabla ya kule, mashine inapiga hesabu na kukuonyesha pa kuchimba. Lakini kwanza lazima uiambie bomba ni la nini, maana sauti haitembei kwa mwendo mmoja kila mahali.

Hilo ndilo somo alilotupa wakati wa chai, mtu atake asitake. Wengi wetu tulidhani chuma hupeleka sauti haraka kwa sababu ni kizito. Sivyo, alisema, metali ya risasi ni nzito kuliko chuma lakini ni laini, na sauti hujikokota ndani yake. Kinachotakiwa ni ugumu. Kitu kisichokubali kubonyea ukikigonga huku, kule kunapata habari papo hapo. Bomba la plastiki hujitanua kidogo kila mlio unapopita katika maji yake, na mlio unachelewa. Hewa ndiyo mvivu kuliko vyote hivyo, ingawa ikipata joto huchangamka kidogo. Dereva wetu akasema basi ndiyo maana bosi akifoka mchana tunamsikia upesi.

Hata yeye aliwahi kuteleza. Katika mtaa mmoja wenye maduka ya ushonaji, yeye na mume wangu waliiambia mashine kuwa bomba ni la chuma tupu. Hawakujua kwamba kipande cha katikati kilikwisha kubadilishwa na kuwekwa cha plastiki. Mlio ukakawia humo kabla ya kufika koki ya mbali, mashine ikadhani maji yanavuja karibu kabisa na koki ya huku, nao wakachimba hadi kiunoni mlangoni kwa fundi cherehani. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Fundi akatoka na futi shingoni, akawauliza kama hilo shimo lao alipimie suruali au kaptula. Mume wangu alinisimulia hayo huku akicheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa cha meza. Doa bado lipo.

Tangu siku hiyo wakawa na desturi yao. Kabla ya kuanza kutafuta, mume wangu alikwenda koki ya mbali akaligonga bomba kwa nyundo, Sikio akisubiri upande wa pili, ili wajue kwanza sauti inatembeaje katika bomba lile. Aligonga kwa namna yake mwenyewe: mapigo mawili ya haraka, kimya, kisha moja la taratibu, kama mtu aliyebisha hodi halafu akaona haya.

Mimi sikuwahi kulisikia pigo hilo. Alipofariki nilibaki na mashati na picha, lakini sauti zake zilianza kunitoka moja baada ya nyingine. Kikohozi chake cha asubuhi. Jinsi alivyovuta kiti. Siku moja nilimwambia Sikio hivyo tulipopishana kwenye ngazi, kwa kupita tu.

Jumapili iliyofuata, mchana, alikuja nyumbani na fimbo na nyundo. Nyumba yetu iko mwisho wa uchochoro mrefu, na bomba letu bado ni la chuma kuanzia barabarani. Akanionyesha jinsi ya kushika fimbo kwenye bomba la jikoni, akaniambia, "Shemeji, usipumue kwa nguvu," kisha akaenda hadi koki ya barabarani.

Mawili ya haraka. Kimya. Moja la taratibu.

Kila pigo lilinifika kwanza sikioni kupitia chuma. Halafu lile lile likaingia dirishani kwa njia ya hewa, limechelewa kidogo, kama mtu aliyerudi kuchukua kitu alichosahau. Sijui alirudia mara ngapi. Sikutaka kuitoa fimbo sikioni.

Juzi nilimwomba amfundishe mwenzake mpya pigo lile, lisipotee. Alikataa kwa upole. Kusikiliza amekwisha kumfundisha, alisema, lakini kugonga mwacheni agonge kwa mkono wake. Najua ana haki. Ila kesho anahamia kwa binti yake, mbali na hapa, na pigo lile linaondoka naye.

Shemeji, idara nzima inakushukuru kwa maji uliyoyaokoa na kwa kutuvumilia. Ukapate usingizi usiokatizwa na simu zangu, upate na wajukuu watundu na magoti ya kuwakimbiza.

Na ukimkumbuka yeye, nikumbuke na mimi.