Mwalimu Elisifa na Tangi Lililomkemea Mkaguzi

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Elisifa. Alifundisha sayansi miaka thelathini na moja, katika sekondari moja huku juu, Old Moshi. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mbili. Jana tumemzika kihambani kwake, katikati ya migomba na kahawa. Kama ulikuwepo, ulisikia watu wakicheka msibani. Naomba nikueleze kwa nini.

Shule yake ilipewa kompyuta kumi na mbili. Kumi na mbili, wasikilizaji! Mkuu wa shule akazifungia chumbani. "Watoto wataziharibu," alisema. Mwaka mzima wanafunzi wakawa wanazichungulia dirishani, kama watu waliokuja kuwaona wagonjwa mahututi.

Mwalimu Elisifa mwenyewe alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini. Akaenda ofisini.

"Mkuu, kuna moja iliyokufa?"

"Ipo. Haiwaki kabisa."

"Basi nipe hiyo. Hiyo siwezi kuiharibu tena."

Mkuu akaitoa.

Mumewe, Mzee Filemon, ameniambia hivi: "Waliifungua na wanafunzi wake kwa kisu changu cha kumenyea ndizi. Wiki tatu! Nilibaki kumenya ndizi kwa kucha."

Wiki ya nne, kompyuta ikawaka. Ndipo Loveness, binti wa kidato cha pili, akasema, "Madamu, tutengeneze kitu cha kwetu." Tangi la shule lilikuwa linafurika, hakuna anayeona, halafu jioni maji hakuna, wasichana wanashuka korongoni na ndoo. Wakaweka chupa tupu ielee ndani ya tangi. Wakavuta nyaya mpaka kwenye kompyuta. Wakatundika nje spika ya redio mbovu. Tangi likijaa, spika inapiga kelele. Kwa sauti ya nani? Ya Mwalimu Elisifa, waliyoirekodi: "Wewe! Maji yanamwagika! Hata aibu huna?"

Mkuu hakupendezwa. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. "Ng'oa hizo nyaya, Mwalimu. Akiziona, hicho kikundi chako cha wanafunzi nakifuta."

Mwalimu hakung'oa. Usiku ule, anasema Mzee Filemon, hakula hata mtori wake wa ndizi.

Alhamisi mkaguzi akafika, kijana wa suti. Akasimama karibu na tangi, anaandika. Tangi likajaa.

"Wewe! Maji yanamwagika! Hata aibu huna?"

Faili likaanguka kwenye tope. Mkaguzi akageuka, akaliinamia tangi: "Shikamoo, mama! Nisamehe!"

Wasikilizaji, aliliamkia tangi. Shikamoo, kabisa.

Mkuu alikuwa amekodoa macho, jasho linamtoka. Mwalimu Elisifa akatoka mbio. "Marahaba, mwanangu. Hukusemwa wewe."

Mkaguzi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akauliza nani ametengeneza. Loveness akaeleza kila waya. "Vizuri sana," akasema mkaguzi. "Na zile kompyuta nyingine mnazitumiaje?"

Loveness hakujua kudanganya. "Tunazitazama dirishani, mheshimiwa."

Chumba kilifunguliwa mchana uleule. Walimu wengine wakaogopa kuchekwa na watoto. Mwalimu Elisifa akawaambia, "Mimi nimechekwa mwaka huu wote, na sijapungua kilo." Wakaingia, wakafundishwa na wanafunzi. Mkuu mwenyewe alikaa kiti cha mbele, ameshika kipanya kwa mikono miwili, kama kifaranga. Miaka yake ya mwisho kazini, huyo Mkuu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka chumbani jioni.

Loveness sasa ni mwalimu wa fizikia, kule Holili. Jana alisema kaburini: "Madamu hakutufundisha kompyuta. Tulijifunza pamoja naye, na hakuona haya."

Mzee Filemon, watoto na wajukuu, walimu na wanafunzi wote, poleni sana. Mungu awafariji.

Na wewe mwalimu, na wewe mzazi unayenisikia: kesho ukimkuta mtoto amefungua kitu bila ruhusa, usianze na fimbo. Muulize anatafuta nini. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.