Celestine Nasipwondi Wechuli, Mwalimu wa Kompyuta wa Kondele (1976–2026)

Tunayemzika leo hapa Otonglo ni dada yangu mkubwa, Celestine Nasipwondi. Wengi wenu mlimwita Madam, wengine Mama Seline. Mimi ni mdogo wake, Sydney. Familia imeniomba niwasomee maisha yake kwa sababu mumewe, Bwana Wechuli, amesema akianza kusoma hatafika mwisho.

Celestine alizaliwa tarehe 9 Mei 1976 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Kisumu. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mukhwana, aliyetoka Kimilili kuja kufanya kazi kwenye bandari ya shirika la reli, na Mama Nabalayo, ambaye wazee wa Kibuye bado wanamkumbuka kwa kuuza mitumba ya watoto. Alimaliza darasa la nane mwaka 1990 na kidato cha nne mwaka 1994. Alipenda hesabu, na alitaka kuendelea nayo chuo kikuu. Baba akafariki Februari ya mwaka uliofuata. Celestine alijifunza kupiga taipu, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili mjini, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na dada yetu Bridget. Hakutukumbusha hata mara moja.

Mwaka 1998 ofisi hiyo ililetewa kompyuta. Wenzake waliifunika kwa kitambaa wakaendelea na mashine zao za taipu. Yeye alikuwa akiifunua wakati wa chakula cha mchana, anakula mkate kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono mwingine. Alipokuja nyumbani alituambia, "Hii kitu si ngumu. Watu wanaogopa tu kuiharibu."

Tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa na Wechuli, fundi wa injini za maboti pale Dunga. Mungu aliwajalia binti, Seline, mwaka 2002. Mimba mbili zilizofuata ziliharibika. Hilo hakupenda kulizungumzia, nami sitaongeza.

Mwaka 2006 alifungua chuo chake Kondele, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Wechuli alitengeneza meza zote kwa mikono yake. Kompyuta zilikuwa zile kuukuu zinazotupwa na ofisi za Nairobi, na zote ziliendeshwa na Windows ya kunakiliwa, iliyotoka kwenye CD ya sokoni. Kila mtu mjini alifanya hivyo. Hakuna aliyeona kosa.

Mwaka 2016 watahiniwa wa shule moja ya kutwa walikuwa wakifanyia kazi zao za mtihani wa kompyuta chuoni kwake, maana mashine za shule yao zilikuwa zimekufa. Mmoja wao alikuwa Amirah, binti wa Bi Swaumu Saleh wa Manyatta. Wiki ya kuwasilisha kazi, Celestine aliweka nakala mpya ya Windows kwenye mashine moja iliyokuwa imekwama. CD ile ilikuja na virusi. Kufikia jioni, mafaili ya chuo kizima yalikuwa yamefungwa na hayakufunguka tena. Watoto walijaribu kuanza upya na muda haukutosha. Amirah alianguka somo lile, na kozi aliyoitamani ikampita.

Celestine alikwenda Manyatta kwa miguu kuomba msamaha. Bi Swaumu, ambaye yuko hapa nasi, amenisimulia walivyozungumza.

"Mama Seline, si wewe uliyetuma hiyo virusi," Bi Swaumu alimwambia.

"Ni mimi niliyeweka hiyo CD."

"Kila mtu anaweka."

"Ndiyo. Na mtoto wako ndiye amelipa."

Chai ilipoa bila kunywewa. Tangu siku hiyo hawa wawili walikuwa ndugu. Na tangu siku hiyo Celestine aliapa kwamba programu ya wizi haitaingia tena kwenye mashine yake. Kununua Windows halali kwa kila kompyuta hakuweza. Ndipo alipojifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotolewa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuugawa na hata kuurekebisha. Mashine zilizokuwa zikisuasua zikaamka. Aliufurahia kama mtu aliyeokoka, na kama mtu aliyeokoka, akataka kila mtu aokoke.

Hapo mtaruhusiwa kucheka kidogo. Mzee Waliaula, mwalimu mstaafu, alimletea kompyuta yake mwaka 2018, naye akamwekea Linux. Siku ya pili alirudi amekasirika. "Madam, umeiba Start yangu! Nirudishie." Celestine akamkalisha, akaibadilisha ile sehemu ya kubonyeza ikaandikwa Start, akaihamishia pembeni alikoizoea mzee. Mzee Waliaula alishuka ngazi akitangazia stendi nzima ya bodaboda kwamba amewekewa Windows mpya, kali kuliko ya serikali. Mpaka leo anaitumia. Mzee, pole kwa kukuambia hapa.

Lakini sikuja kusema uongo mbele ya jeneza. Jambo lile lile lililomfurahisha ndilo lililomuumiza.

Seline alikulia kwenye meza zile. Alijua Linux tangu shule ya sekondari, na alipomaliza diploma yake mwaka 2023 aliitwa kwenye usaili wa ukarani katika kampuni moja mjini. Waliwapa jaribio kwenye Windows, na programu za ofisi ambazo yeye hakuwa amezizoea. Menyu haikuwa pale alipoitazamia, vidole vikamsaliti, muda ukaisha. Nafasi ya pili ikawa hivyo hivyo. Alirudi chuoni akasimama mlangoni, wanafunzi wakiwa wamekaa.

"Mama, hakuna ofisi hapa Kisumu imeniuliza kama mfumo ni huru. Wanauliza tu kama najua Word na Excel."

"Unajua kazi, Seline. Zile ni vifungo tu."

"Basi vifungo vimeninyima kazi! Wewe ulitaka kuonyesha watu uko right, na mimi ndio nimelipa."

Bi Swaumu alikuwepo. Anasema Celestine alishika ukingo wa meza, na darasa likaisha bila kufundishwa. Huenda kilichomchoma ni yale maneno ya mwisho, karibu yale yale aliyoyasema yeye mwenyewe Manyatta.

Mwezi uliofuata alinunua Windows halali kwa kompyuta moja, akaiweka karibu na dirisha. Wanafunzi waliiita kompyuta ya intavyuu. Kila aliyekuwa akitafuta kazi alilazimika kuizoea. Kwa Seline ilikuwa imechelewa. Machi 2024 alisafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mama yake alimsindikiza hadi kwenye basi la Nairobi. Walikumbatiana. Hawakuonana tena ana kwa ana.

Mapema mwaka 2025 Celestine alianza kupata shida kumeza. Alisema ni asidi. Mwezi Mei madaktari walituambia ni saratani ya umio, na kwamba ilikuwa imekwenda mbali. Matibabu yalimkondesha, na Agosti sauti yake ikakatika. Mwalimu aliyezoea kusikika mpaka barabarani akawa anaandika kwa herufi kubwa kwenye kompyuta, kisha anaigeuza uisome.

Hakuacha kazi. Oktoba ile Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, watu walimjia wakiwa na mashine nzima kabisa, wameambiwa ni za zamani mno kupokea toleo jipya. Wenye duka, makanisa, mama mmoja mwenye saiba, chumba cha kulipia intaneti, kutoka Kibuye. Amirah, ambaye miaka hii alikuwa akifundisha pamoja naye, aliwaleta nyumbani, na Celestine aliwageuzia swali moja kwenye kioo: UNAITUMIA KUFANYA NINI? Aliyesema barua, intaneti na huduma za serikali, alimwekea Linux. Aliyesema anatafuta kazi, au ofisi yake ina programu inayokubali Windows peke yake, alimwambia ajikaze anunue mashine mpya. Nilimuuliza iwapo ameshindwa, baada ya miaka yote ile. Aliandika: MASHINE HAIHITAJI WINDOWS. MWAJIRI ANAHITAJI. NILIFUNDISHA MASHINE NIKASAHAU MWAJIRI. Kisha akafuta, akaniomba maji ya kulowesha midomo.

Desemba hakuweza tena kukaa. Seline aliomba ruhusa ya kuja, mwajiri akakataa, na pasipoti yake anayo mwajiri. Walikuwa wakipigiana simu ya video, Seline akiongea, mama akiandika, mimi nikimsomea Seline kilichoandikwa. Siku moja Seline alisema, "Mama, nisamehe kwa yale ya pale mlangoni." Celestine aliandika muda mrefu kwa kidole kimoja. Nilisoma: ULIKUWA UNASEMA UKWELI. UMEKULA LEO?

Alifariki Jumatano, tarehe 21 Januari 2026, asubuhi, nyumbani kwake, Wechuli akiwa amemshika mguu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Ameacha mume wake, Bwana Wechuli. Mama yetu, Mama Nabalayo, ambaye hakupaswa kuishi mpaka kuona siku hii. Wadogo zake, Bridget nami. Bi Swaumu na Amirah, ambao tumewaweka kwenye safu ya familia kwa sababu ndipo walipo. Na binti yake wa pekee, Seline, ambaye hayupo.

Seline, najua unasikia. Simu iko mkononi mwa Bi Swaumu. Tukianza kuweka udongo ataisogeza karibu na kaburi, kwa kuwa umeomba usikie. Ukishindwa, kata. Hakuna atakayekulaumu.

Dada, kazi umeiacha mikononi mwetu. Lala, Mungu akupe amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.