Mama Yetu Sauti na Ndege wa Bwawani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, asanteni kwa kufika. Haya ni machache kuhusu maisha yake, kama walivyoyajua walioishi naye.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1953, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa karani wa posta na mke wake mshonaji. Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya jengo la posta, na dirisha la jikoni lilitazama uani, mahali magunia ya barua yalipopakuliwa. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na Marehemu alirithi kwa mama. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa leo, anasema utotoni Marehemu hakukubali kulala mpaka kila mtu chumbani ameitikia "usiku mwema" yake, na aliyejifanya amelala alitikiswa mpaka aitikie.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwenye kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani. Shule ikipata wageni, risala alisoma yeye. Siku moja upepo ukampokonya karatasi katikati ya risala. Aliendelea kusoma huku ameinua mikono mitupu mbele ya uso, na wageni wakapiga makofi bila kujua kwamba nusu ya maneno yale aliyatunga palepale.

Baada ya kozi ya upokeaji simu, aliajiriwa katika hospitali kuu mwezi Februari 1973. Chumba cha simu kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina meza ndefu iliyojaa matundu na nyaya. Madaktari ambao hawakuwahi kumwona uso walimjua kwa sauti yake, na ndio waliompa jina la Sauti. Ukipiga simu kuulizia mgonjwa aliye mahututi, hakukuacha unasikiliza mlio mtupu. Alikwambia subiri, usikate, tupo pamoja, mpaka wodi ijibu. Miaka mingi baadaye watu walipita pale mapokezi wakiuliza yuko wapi yule dada.

Ni simu hiyohiyo iliyompatia mume. Mwaka 1975 fundi mmoja wa magari alipiga kuulizia hali ya mwenzake aliyeumia gereji. Marehemu akamuunganisha na wodi. Kesho yake yule fundi akapiga tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata, mpaka Marehemu akamwambia kwa upole, "Kaka, mgonjwa wako ametoka tangu juzi. Sasa unamuulizia nani?"

Fundi akasema, "Namuulizia anayepokea simu."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976. Mji mzima unamjua mumewe kwa jina la Fundi, na unayajua masikio yake: gari likipita barabarani, yeye akiwa ndani anakunywa chai, anakwambia lina ugonjwa gani. Walijaliwa binti, ambaye leo ni mwalimu, na mtoto wa kiume, ambaye ni dereva wa malori. Nyumba yao ilikuwa na kelele za heri. Waligombana kwa sauti, wakapatana kwa sauti, na majirani hawakupitwa na lolote.

Mwaka 1991 Marehemu alianza kuwaomba watu warudie walichosema. Alidhani ni nyaya. Nyaya zikabadilishwa, kifaa cha kuvaa masikioni nacho kikabadilishwa, na bado sauti zikazidi kwenda mbali. Daktari wa masikio wa hospitali ileile alimweleza kwamba neva zinakufa na hakuna dawa ya kuzirudisha. Mwaka 1994 akahamishiwa masjala kutunza mafaili. Wenzake walimfanyia tafrija ndogo ya kumuaga, mkuu wa hospitali akatoa hotuba ndefu ya kumsifu, na Marehemu alipiga makofi kila alipoona wengine wanapiga. Jioni yake binti alimuuliza mkuu alisema nini. Akajibu, "Alisema vizuri," akaingia chumbani na kufunga mlango. Ilipofika mwaka 2001 hakusikia tena hata radi.

Familia haitaficha kwamba miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Watu walizungumza naye kwa kupayuka, na Fundi alipayuka kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyetamani kusikika kuliko wote. Marehemu hakuisikia sauti yake, ila aliiona mishipa ya shingo imemsimama na uso umekunjamana, na alichosoma pale kilikuwa hasira. Ukimwandikia kwenye karatasi, alisema yeye si mtoto wa chekechea. Wawili wakicheka sebuleni, aliamini anachekwa yeye. Akaacha kwenda harusini, akaacha kwenda ibadani, akaacha hata kusimama mlangoni na majirani. Mwaka 2007 alifungasha nguo zake akahamia kwa dada yake mkubwa. Fundi alikwenda kumwona kila Jumapili. Walikaa kochi moja mbele ya televisheni, kila mmoja na kikombe chake, kisha Fundi akaaga na kurudi zake. Aliwahi kumwambia binti yao, "Nakaa naye bega kwa bega na simpati."

Marehemu alirudi nyumbani mwaka uliofuata, alipostaafu. Alirudi kwa sababu alichoka kuwa mgeni, si kwa sababu mambo yalikuwa yametengemaa.

Kilichombadilisha ni safari ya wanafunzi. Mwaka 2009 binti yake alikuwa anapeleka darasa lake kwenye bustani ya ardhi oevu iliyo pembeni ya mji, ile yenye njia ya mbao inayopita juu ya bwawa. Mzazi aliyeahidi kusaidia hakutokea, na binti akamwomba mama yake aje kuongeza macho. Marehemu alikwenda kwa shingo upande, amepakata mkoba kwenye basi kama mtu anayesubiri kuingia kwa daktari. Pale langoni mhifadhi, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, aliwaambia watoto kwamba kuanzia hapo hakuna kufungua mdomo. Atakayeona ndege aoneshe kwa kidole.

Wakaingia katika kibanda cha kutazamia, cha mbao, chenye uwazi mwembamba kwenye usawa wa macho. Kundi zima lilikuwa limenyamaza. Walizungumza kwa vidole, kwa nyusi, kwa kugusana mabega, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Marehemu alikuwa katikati ya watu na hakupitwa na chochote. Tena yeye ndiye aliyemwona korongo wa kwanza, aliyejisimamisha wima ndani ya matete mpaka ungemdhani ni mojawapo. Akanyoosha kidole. Vichwa vyote vikageuka kukifuata. Binti yake alimwona anatabasamu, akajifanya anafunga kamba za viatu ili wanafunzi wasimwone mwalimu wao analia.

Kwa hiyo akanunuliwa kamera iliyokwishatumika, na kila Jumamosi asubuhi akawa anapanda basi kwenda bwawani. Picha za mwanzo zilikuwa mikia na matawi. Fundi alizipekua moja moja, akasema kweli ndege wa huko wana aibu, wote wamempa mgongo. Alipoalikwa aende naye alikataa. Alisema kama ni ndege, kuku wa jirani wanamtosha.

Mwezi Mei 2010 Marehemu alikuwa ameinama kwenye njia ya mbao, akimvizia mdiria, yule ndege mdogo wa rangi ya samawati anayejitupa majini kama jiwe. Mwendesha baiskeli aliyetokea nyuma alipiga kengele, akaipiga tena, akiamini mtu mzima atasogea. Hakusogea. Wakaanguka wote wawili, na Marehemu akavunjika kifundo cha mkono. Mhifadhi aliiambia familia, kwa masikitiko, kwamba hataweza tena kumruhusu kutembea peke yake. Binti alimfikishia habari hizo kwa kutamka polepole ili asome midomo. Marehemu aliutazama mkono wake uliofungwa plasta, akasema, "Mkinizuia na kule, niambieni basi nikae wapi."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mafuta ya gari mikononi, aligeuka akaenda zake.

Plasta ilipotolewa, Jumamosi ya kwanza, Fundi hakufungua gereji. Alivaa shati la kutokea na kusimama kituo cha basi kabla mkewe hajafika. Safari nzima Marehemu hakumtazama. Hakutaka kulindwa. Kwenye njia ya mbao alitembea mbele kwa hasira, mume nyuma yake akigeuka kila mara kutazama baiskeli. Walipofika kwenye kona yenye matete marefu, Fundi akasikia kitu: mlio mdogo, mkavu, kama mkanda wa injini unaoanza kulegea, unatoka upande wa kushoto, chini. Alifungua mdomo amwite mkewe. Akaufunga. Akanyoosha mkono, akamgusa bega la kushoto kwa kidole kimoja.

Marehemu akageuka kushoto. Pale chini, karibu kabisa na maji, alikuwapo mdiria na samaki mdomoni. Akainua kamera, akapiga. Alipoishusha alimgeukia mumewe, akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia kitu bila kunifokea."

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Bega la kushoto, ndege yuko kushoto. La kulia, kulia. Kiwiko, yuko majini. Utosini, anapita juu. Fundi alisikiliza, mkewe akapiga picha. Njia hiyo walirudi nayo nyumbani, jikoni, sokoni, hata ibadani, mahali Marehemu alipoanza tena kwenda. Hawakuacha kugombana. Jirani mmoja aliapa kwamba aliwahi kuwaona wakizozana kituo cha basi kwa kugongana mabega tu, na Marehemu ndiye aliyeshinda. Picha yake ya yangeyange, yule ndege mweupe, akiwalisha makinda yake ilitundikwa kwenye korido ya hospitali aliyoifanyia kazi, mahali wagonjwa wanaposubiri kuitwa. Alikwenda kuiona siku moja tu, akasimama nyuma ya watu, akawatazama wakiitazama, akarudi nyumbani bila kujitambulisha kwa yeyote.

Mwezi Januari 2023 alianza kupungua uzito na kukosa hamu ya kula. Vipimo vikaonesha saratani ya ini. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi bwawani, akazidiwa tena. Mwanawe dereva alikuwa akizipanga safari zake ili Jumamosi awe mjini awapeleke kwa gari. Mwishoni ilibidi atumie kiti cha magurudumu, na mbao za njia ile zilimtikisa mpaka akang'ata midomo, lakini ukimgeuza kurudi alishika gurudumu. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili mwaka huu. Mikono haikuweza tena kuinua kamera. Fundi akamshikia usawa wa macho, akamwonesha kwa kidole pa kubonyeza. Mnandi, yule ndege mweusi mvuvi, alikuwa juu ya gogo, ametandaza mbawa zikauke, karibu kuliko walivyowahi kumwona yeyote. Marehemu akausogeza mkono wa mumewe pembeni, kamera na yote, akasema, "Acha. Leo tutazame tu." Walikaa pale mpaka ndege yule akaruka mwenyewe.

Alilazwa mwisho wa Mei. Siku ya mwisho asubuhi macho yake yalikuwa yamefumba, na muuguzi, kwa wema wake, akamwambia Fundi azungumze naye, kwani masikio ndiyo yanayochelewa kuondoka. Fundi alimshukuru. Hakuona haja ya kumweleza. Muuguzi alipotoka, alivuta kiti upande wa kushoto wa kitanda, akanyoosha mkono, akamgusa mkewe bega la kushoto kwa kidole kimoja. Marehemu akageuza uso kushoto. Hakufumbua macho, ila aligeuka, na Fundi ndiye aliyekuwa pale. Alifariki saa nne asubuhi hiyo, Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 71.

Marehemu ameacha mume, dada yake mkubwa na mdogo wao wa mwisho wa kiume, watoto wawili, wakwe wawili na wajukuu watano. Mjukuu mdogo kuliko wote hajajua kusema bado, naye na bibi yake walielewana kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani na mhifadhi wa bustani. Fundi ameomba lisomwe jambo moja. Mkija kumpa pole, msihangaike kutafuta maneno. Kiti kilicho kando yake kitakuwa wazi. Kaeni.

Mama, safari yako imefika mwisho. Mungu akupokee na akupe pumziko la amani, na sisi atupe nguvu za kurudi nyumbani bila wewe.