Mwalimu Spana na Nati Nne

Marehemu kaka yangu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya ufundi, akamaliza mwaka 1980. Akiwa darasa la sita alifungua cherehani ya mama na kuifunga tena, skrubu mbili zikabaki. Mama akamuuliza, "Na hizi zilikuwa za urembo?" Cherehani ilishona miaka kumi zaidi.

Mwaka 1986 alianza kufundisha ufundi mitambo, akabaki shule hiyo hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 9 Desemba 1989 alimwoa wifi yangu, muuguzi.

Alichokipenda zaidi ni kuandaa timu ya mashindano ya uhandisi. Mwaka 2014 wanafunzi wake, binti yangu akiwemo, walitengeneza kigari cha kupandisha mzigo mlimani. Karakana ilikuwa inavuja, kwa hiyo kililala sebuleni kwangu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata jiko nililozima hulirudia mara tatu. Nikaona nati nne za magurudumu zimelegea. Nikaogopa watoto wataumia, nikazikaza kwa spana yake aliyoiacha kando ya kigari. Sikujua alizilegeza makusudi, robo mzunguko, ili magurudumu yasibane.

Kesho yake, kwenye mashindano, kigari kilikwama katikati ya mlima wa mbao. Watoto wakaanza kulaumiana. Kaka akawaambia, "Acheni. Nati nilifunga mimi."

Jioni alikuja kwangu. "Spana yangu umeiweka wapi?"

"Kabatini, kaka."

Akaniangalia. "Haya, mdogo wangu." Hakuligusia tena. Mwaka uliofuata timu ilipewa mwalimu mwingine.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Mara tatu nilikwenda hospitalini nimejiandaa kumwambia, nikaishia kumnyooshea shuka. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na mimi, dada yake.

Wanafunzi wa timu ile mliopo hapa, mwalimu wenu hakukosea. Nati nilikaza mimi. Kaka, nimechelewa kulisema. Mungu akupumzishe kwa amani.